Bi Pindo Aliyeacha Vidonge

Bi Pindo alikuwa fundi cherehani. Jina hilo walimpa wateja, maana pindo zake hazikufumuka hata nguo ichakae. Aliishi peke yake katika chumba kimoja nyuma ya duka la vifungo. Mumewe alikwisha kufariki, na binti yake alifanya kazi mbali. Nguo za watu zilijaa ukutani, lakini wenyewe walipimwa, wakaenda zao. Siku nyingine alizungumza na cherehani.

"Leo umeamka na kiburi, mama," aliiambia uzi ulipokatika.

Kichwa kilimsumbua, akapigwa picha hospitalini. Daktari alimweleza kwamba mshipa wa damu kichwani umetuna, umefanya kifuko. Hakijapasuka. Vingine vidogo huangaliwa tu, lakini chake kilihitaji kuzibwa. Akapewa vidonge vya kuzuia damu isigande, avimeze kila siku kabla ya matibabu.

Asubuhi moja sindano ikamchoma kidole. Damu haikukatika upesi. Ikatia doa gauni la bibi harusi. Bi Pindo akaingiwa na hofu, na hapakuwa na wa kumwuliza. Binti alipopiga simu, alimwambia, "Mimi mzima kama chuma, mwanangu." Kisha akaviacha vidonge.

Siku ya matibabu ikafika. Muuguzi akamwuliza, "Umekuja na nani, mama?"

"Na miguu yangu. Hii hainitupi."

Muuguzi akacheka. "Na vidonge, umevimeza vizuri?"

Kusema ndiyo kulikuwa rahisi. Angesema hapana, angerudishwa kwenye kile chumba kimya. Bi Pindo alitazama kidole chake.

"Nimeviacha," alisema. "Damu ilinitisha."

Muuguzi akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Umefanya vema kusema. Sikiliza, mama. Tunapitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa mpaka kichwani. Njia ya kwanza, kifuko hujazwa nyuzi laini za chuma, na kibomba cha wavu huzizuia zisitoke. Njia ya pili, huwekwa kibomba chenye wavu mnene tu. Damu hupita moja kwa moja, na kifuko hujifunga polepole, kwa miezi."

"Kumbe! Ya kwanza ni kujaza pamba, ya pili ni kutia bitana."

"Hasa!"

"Basi nitieni bitana."

"Taratibu, fundi! Si kila mtu anafaa bitana. Daktari hutazama ukubwa wa kifuko, kilipo, na mishipa iliyo jirani. Kujaza huweza kuziba mapema, ila mara nyingine kifuko hufunguka tena. Lakini njia zote mbili zinaacha chuma ndani ya mshipa. Bila vidonge, damu huweza kuganda pale, ukapata kiharusi. Ungenificha leo, tungekutia hatarini."

"Na kidole kikitoka damu?"

"Kibane kwa kitambaa safi. Isipokoma, au kichwa kikikuuma ghafla kuliko siku zote, njoo hapa mara moja. Usiache kidonge bila kutuuliza."

Matibabu yakaahirishwa. Bi Pindo akarudi kwenye vidonge, akaanza kushona na kastabani kidoleni. Akampigia binti yake, akamwambia yote.

"Unanificha mimi, mama? Mimi mpita njia?" Binti alifoka, kisha akalia.

Daktari alichagua wavu mnene. Binti alikuja, akakaa naye mpaka alipopata nguvu, halafu kazi ikamwita. Chumba kikarudi kimya. Bi Pindo hakuacha vidonge hata siku moja.

Miezi ikapita, akapigwa picha nyingine. Kifuko kilikuwa kimeziba. Daktari akampunguzia vidonge. Alipotoka, aliketi kwenye benchi la ukumbini, katikati ya watu asiowajua, akapiga simu.

"Kimeziba, mwanangu."

Binti akanong'ona, "Mama, usikate. Humu ofisini watu wametulia. Ngoja nitoke nje nipige kelele."

Bi Pindo akasikia viatu vya binti yake vikikimbia. Akaibana simu sikioni, akangoja.