Matairi ya Njia Mbili

Msoma mita alipita nyumba arobaini kila siku. Alibisha hodi, akafunguliwa geti, akainama, akaandika namba za mita ya maji.

"Haya, tuonane mwezi ujao," aliaga.

"Haya."

Mara nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yake ya siku nzima. Jioni alirudi kwenye vyumba vyake viwili. Mke wake alikuwa amefariki miaka miwili nyuma. Binti yake aliolewa mbali, na simu zake zilikuwa fupi. Msoma mita alipika chakula cha mtu mmoja, akala amesimama karibu na jiko. Kuketi mezani peke yake kulimshinda.

Siku yake ilikuwa Jumapili. Siku hiyo alipanda baisikeli yake ya umeme, akaenda kwa dada yake mkubwa. Kwao walizaliwa watano, sasa walibaki wao wawili. Dada aliishi peke yake nje ya mji, mahali ambapo umeme haujafika. Njia ilikuwa kilomita kumi za lami, kisha kilomita tano za udongo na changarawe. Tangu avunjike nyonga, dada hakutoka tena nje ya ua wake. Msoma mita asipokwenda, hakuna aliyekwenda.

Jumapili moja mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Matairi ya baisikeli yalikuwa membamba na laini, yaliyotengenezwa kwa ajili ya lami. Tena yalikuwa yamechakaa, yamebaki kipara. Kwenye mteremko wa kwanza wa udongo, gurudumu la mbele liliteleza. Msoma mita akaanguka kwa ubavu, na baisikeli ikamlalia mguu. Alikaa kwenye tope akingoja maumivu yapungue. Hakupita mtu.

Aligeuza, akarudi nyumbani polepole. Alipofika alimpigia dada simu.

"Nimeteleza njiani, dada. Si kitu."

"Umeumia?"

"Goti tu, kidogo."

"Basi usije mpaka upone," dada alisema, akakata simu upesi. Msoma mita alijua ameikata upesi ili huzuni yake isisikike.

Jumapili ya pili goti lilikuwa bado limevimba. Alishinda kitandani akitazama dari.

Kabla ya Jumapili ya tatu alikwenda dukani. Alichagua matairi yenye meno makubwa kuliko yote, akayafunga mwenyewe. Alijiambia kwamba hayo hayatateleza popote. Lakini kwenye lami matairi yalinguruma kama mashine ya kusaga. Baisikeli ikawa nzito. Lami ilipoisha alitazama betri, akaona chaji imebaki nusu tu. Akiendelea atafika, ila kurudi hataweza, na kwa dada hakuna pa kuchaji. Alisimama pale lami inapokutana na udongo. Mbele aliona vilima vya kwao. Kisha akageuza.

Jumatatu, baada ya kazi, aliipeleka baisikeli kwa fundi. Fundi alikuwa mama wa makamo, jirani wa mtaa wa pili, na watu walimwita Mama Spoku. Aliyatazama matairi, akacheka kidogo.

"Kaka, unalima na baisikeli hii?"

"Nilianguka kwenye tope, fundi. Nikaona bora meno makubwa."

"Umeruka majivu ukakanyaga moto. Njia yako ikoje hasa?"

"Kilomita kumi lami, tano udongo na changarawe. Kwenda na kurudi."

"Haya, lete kigoda ukae. Sikiliza. Tairi laini ni la lami. Linakwenda kwa wepesi, lakini halina cha kushikia kwenye tope. Tairi la meno makubwa linashika tope vizuri. Ila kwenye lami kila jino linapigapiga na kuivuta baisikeli, mota inafanya kazi zaidi, na betri inaisha. Meno yenyewe pia yanaliwa haraka. Na ukikata kona kwa kasi kwenye lami, yanaweza kukuangusha vilevile."

"Sasa nifanyeje? Njia ni mbili, baisikeli ni moja."

Fundi alishusha tairi lililoning'inia ukutani. "Pitisha kidole hapa katikati. Unasikia nini?"

"Meno madogo, yamekaribiana."

"Hapo ndipo panapogusa lami unapokwenda moja kwa moja. Panazunguka kwa wepesi, chaji haipotei bure. Sasa gusa pembeni."

"Hapa meno ni marefu. Yameachana."

"Hayo yanasubiri udongo. Njia ikiwa laini, tairi linazama kidogo, na meno ya pembeni yanauma ardhi. Hili ndilo tairi la njia zako mbili. Lakini tope zito bado litakusumbua, nisikudanganye. Ukilikuta, shuka usukume."

Msoma mita alitabasamu. Ilikuwa siku nyingi hajafundishwa kitu na mtu.

"Nichukue lolote la namna hii?"

"Hapana. Soma namba za ubavuni. Kipimo lazima kilingane na rimu yako. Upana uzidi kidogo ule wa tairi lako la zamani, ila libaki na nafasi pande zote, lisikwaruze fremu wala madigadi. Tena uliza kama limetengenezwa kwa baisikeli ya umeme, kwa sababu baisikeli hii ni nzito. Na liwe na tabaka gumu ndani la kuzuia miiba. Pancha ukiwa peke yako porini si mchezo."

"Na upepo?"

"Kiwango cha chini na cha juu vimeandikwa hapohapo ubavuni. Upepo mwingi unafaa lami. Kwenye udongo, mdogo kidogo unashika zaidi. Wewe kaa katikati, usitoke nje ya namba hizo. Pima kila wiki kwa pampu yenye kipimo. Kubonyeza kwa kidole ni kubahatisha."

Msoma mita alichagua mawili yaliyolingana na rimu zake, wakayafunga pamoja. Kwenye tairi kulikuwa na mshale, na fundi akamwonyesha kwamba lazima uelekee upande ambao gurudumu linazungukia. Kazi ilichukua saa nzima. Msoma mita hakutaka iishe.

Jumapili iliyofuata alipima upepo, akaondoka asubuhi. Kwenye lami matairi yalikuwa kimya. Kwenye mteremko wa udongo alipunguza mwendo, na gurudumu la mbele likashika. Hakuteleza.

Dada alikuwa ameketi kizingitini, fimbo mapajani. Alimtazama tangu getini mpaka alipofika.

"Goti?"

"Limepona, dada. Hizi Jumapili tatu ulikuwa unaongea na nani?"

"Na kuku. Wana dharau, hawajibu." Dada aliielekeza fimbo kwenye baisikeli. "Chaji imebaki ngapi?"

Msoma mita alitazama. "Zaidi ya nusu."

"Basi huna haraka."

"Sina."

Aliketi kizingitini karibu naye. Dada alianza kumsimulia habari za marehemu kaka yao, jinsi alivyoogopa bata alipokuwa mdogo. Msoma mita alikuwa ameisikia habari hiyo mara nyingi. Hakumkatiza.