Matawi Yaliyonyauka

Inspekta hakuwa na gari, hakuwa na glavu, hakuwa na msaidizi, wala subira hakuwa nayo. Alifika kambini kwa pikipiki ya kuazima, akakuta maiti ingali chini ya mti wenye kiota cha tai.

Marehemu alikuwa mwongoza watalii. Wenzake walimwita Kozi, kama ndege yule mwindaji, kwa ukali wa macho yake. Kwa siku tisa alikuwa amewaonyesha wageni ndege wa jangwani, wa ziwani, na sasa wa msituni. Meneja wa kambi alikwisha kumpigia mjane simu: mumeo alipanda alfajiri kukata matawi ili wageni wapate picha, akateleza.

Mjane alimpigia Inspekta. "Afande, mume wangu aliapa hatagusa kiota. Alinidanganya?"

Inspekta akaitia simu mfukoni. Akapiga magoti kando ya maiti.

Viganja vya marehemu havikuwa na utomvu. Matawi yaliyokatwa yalikuwa yamenyauka, yalikatwa jana. Na jana, wageni walikiri, Kozi alishinda nao ziwani. Mmoja tu alibaki kambini kwa kisingizio cha tumbo: mpiga picha waliyemwita Bingwa. Juu kiotani, kinda lilikuwa limekufa kwa kukosa kivuli.

 Inspekta akamwita Bingwa, akamwamuru afungue viganja. Vilikuwa na madoa meusi.

"Hii nini?"

"Dawa ya nywele."

"Na upara huo?"

Bingwa akajipapasa kichwa.

"Huo ni utomvu, bwana mkubwa. Hautoki kwa sabuni. Sema."

"Kozi aliliona kinda limekufa leo asubuhi. Akasema atawaandikia waamuzi wa mashindano ya picha. Nimeitafuta picha ya tai kiotani miaka kumi na saba, afande. Nikampiga kisogoni kwa stendi ya kamera." Akameza mate. "Kamera yangu mtaitunza?"

Inspekta alifumbata mikono nyuma, isije ikampiga. Akamtia pingu.

Meneja alimfuata akimbembeleza aandike ajali, kambi isichafuke jina. Inspekta alimuuliza kama jina la maiti halichafuki, akampa kisogo.

Kituoni alichukua karatasi. Simu ingetosha, lakini simu haiwekwi watoto wakaja kuisoma.

"Dada, mumeo hakukudanganya. Hakupanda mti ule. Aliuawa akikitetea kiota."

Akatia sahihi na muhuri, akailamba bahasha, akaifunga, akaenda mwenyewe kuitumbukiza katika sanduku la posta.