Gurudumu la Nissan, Nati za Toyota

Kila Jumamosi Syokau aliosha vyombo, akavaa ovaroli iliyokunjwa miguuni, akamfuata mama yake gereji huko Kawangware. Mama yake, Wanza, alikuwa fundi wa magari. Wanaume waliowahi kusema mwanamke hashiki spana sasa walimletea magari yao wenyewe. Wanza aliyatengeneza vizuri, na hakusahau jina la hata mmoja wao.

Siku hiyo ilikuwa zamu ya Toyota Noah ya Mzee Shivachi, jirani yao wa Soweto West. Gari hilo ndilo lililobeba wagonjwa wa mtaa. Kila msimu wa kura watu waliahidiwa gari la wagonjwa. Walioahidi walishiba wakahama, wakaja wengine na ahadi ile ile. Wagonjwa walibaki na Shivachi. Kwa shukrani, majirani walikuwa wamemtafutia magurudumu yaliyotumika, ya Nissan, na matundu yake ya kufungia yalilingana na ya Toyota yake.

Wanza alifunga matatu, kisha akasimama.

"Nati zimeniishia," alimwambia Syokau. "Hizi zake za zamani ni bapa. Ona tundu la rimu hii, limechongwa kama faneli. Linataka nati iliyochongoka, ijikite ndani. Naenda kwa Ndungu kuzitafuta. Wewe usiguse kitu."

Alipoondoka, Alvin, mwanafunzi mwenzake Syokau, alikuwa ameegemea mlango akitafuna muwa.

"Niaje, fundi," alisema. "Fundi wa kushika tochi."

"Mimi najua kufunga gurudumu."

"Kwa mdomo, ndiyo."

Syokau alichukua zile nati bapa. Ziliingia. Alipozikaza alisikia chuma kikikwaruza chuma, na alipolitikisa gurudumu, lilicheza kidogo. Hata hivyo aliteremsha jeki. Alvin akaacha kutafuna, naye Syokau akafurahi.

Hapo Mzee Shivachi alitoka mbio katika kibanda cha chai, simu mkononi. "Mercyline ameshikwa na uchungu, na yuko peke yake. Gurudumu tayari?"

"Limeingia," Syokau alijibu.

Haukuwa uongo. Shivachi aliwasha injini. Syokau alimfikiria Mercyline, jirani aliyemsuka nywele kila muhula ulipofunguliwa, akiwa amelala katika kiti cha nyuma, na gurudumu lile likicheza chini yake. Alikimbia akasimama mbele ya gari.

"Wewe mtoto, toka," Shivachi alifoka. "Kuna mtu anaumia."

"Limeingia lakini halijakaa, Mzee. Ni mimi nilifunga. Mama alinikataza."

Shivachi alizima injini. Alimtazama kwa hasira, na Syokau aliona afadhali angepigwa. Alvin, bila kuambiwa, alitupa muwa akakimbia kumwita Wanza.

Wanza alifika na nati mfukoni. Alifungua gurudumu, akapitisha kidole pale matundu yalipokwaruzwa, kisha akampa Syokau spana na zile nati zilizochongoka.

"Rimu haijaharibika. Anza na nati ya juu, kisha ile ya upande wa pili. Usikaze kwa kuzunguka."

Syokau alikaza huku machozi yakimdondoka. Safari hii mama yake alipolitikisa gurudumu, halikucheza.

Mercyline alifikishwa hospitalini kwa Noah ile, akajifungua msichana salama. Jumapili, baada ya kanisa, chumba chake nyumbani kilijaa majirani na vyungu vya uji. Mzee Shivachi alisimama.

"Jana nilimkasirikia mtoto huyu," alisema. "Leo namshukuru. Nimeongopewa na watu wazima wenye suti miaka mingi, na hakuna aliyewahi kusimama mbele ya gari aniambie, ni mimi nilikosea."

"Kosa alifanya, na gereji atafagia mwezi mzima," Wanza alisema, watu wakacheka. Kisha akamgeukia binti yake. "Lakini shika hili, mwanangu. Kuna maneno ya kweli yanayoficha ukweli. Ukiulizwa jambo lenye uhai wa mtu ndani yake, sema lote, hata likikuaibisha. Aibu huisha."

Mercyline alimnyooshea Syokau mtoto. "Mikono umeosha, fundi?"

"Mara mbili," Syokau alisema, akampokea.