Nyasi za Delbert na Ncha ya Wakati

Delbert Thibault alikuwa akikamua ng'ombe, lakini macho yake yalikuwa ng'ambo ya barabara. Ghala la jirani yake, Thurlow, lilikuwa limeshajaa marobota ya nyasi za kulisha ng'ombe majira ya baridi. Lake lilikuwa tupu.

"Kila mwaka yeye tu!" alinung'unika. "Hata jua linampendelea."

"Nyasi zako hazijakauka," alisema mkewe, Arlene. "Ngoja."

"Ningoje mpaka anicheke?"

Akazifunga hivyo hivyo, akazipanga ghalani, juu ya zizi. Jioni mvua ikanyesha.

"Umeona?" alijigamba kwa sauti iliyofika hadi kwa Thurlow. "Nimewahi kwenye ncha ya wakati!"

Waingereza na Wamarekani husema hivyo jambo linapofanyika punde tu kabla ya kuchelewa.

Baada ya wiki mbili hivi, Arlene alisimama mlangoni mwa ghala.

"Delbert, kunanuka sukari iliyoungua."

"Nyasi nzuri hunukia. Au zinazoruhusiwa kunukia ni za Thurlow peke yake?"

Arlene alivuka barabara. Alimwita Thurlow.

Thurlow alichomeka ufito mrefu wa chuma kati ya marobota, akangoja. Alipouchomoa, haukushikika kwa joto.

"Nyasi zikifungwa na unyevu hupata joto zenyewe," alisema. "Joto likizidi, zinawaka bila kiberiti. Shemeji, waite zimamoto. Delbert, toa ng'ombe. Usiguse robota hata moja kabla hawajafika. Hewa ikiingia, moto utalipuka."

Delbert alikuwa na jibu kali mdomoni. Akautazama ule ufito, akaenda kufungua zizi.

Zimamoto waliyatoa marobota huku mipira ya maji ikiwa tayari. Ya katikati yalikuwa meusi. Moja liliwaka lilipofika uwanjani.

"Mmetuita kwenye ncha ya wakati," alisema mkuu wao. "Mngechelewa kidogo, ghala lingekwisha."

Thurlow alimgeukia Delbert. "Hapo ndipo maneno hayo yanapofaa, jirani. Ni ya mtu aliyeponea chupuchupu. Si ya kujigambia."

Kiangazi kilichofuata, Thurlow alimaliza tena wa kwanza. Alipita na trekta akipiga honi.

"Anakuringia," Arlene alimtania mumewe.

"Nimemwona, mama. Na nimemsikia."

Delbert alisokota nyasi mkononi. Zilijikunja, hazikukatika. Bado zilikuwa na unyevu. Alikunja uso, akazigeuza tena juani.

Ghala lake lilijaa mwisho kuliko yote barabarani hapo. Lilinukia nyasi tu.