Kinu Kitupu cha Bibi

Saa tano na nusu mchana Khuê alirudi kutoka shule kama kawaida. Aliegemeza baiskeli yake kwenye mpopoo ulio kando ya kisima, akawatupia kuku pumba, kisha akaingia jikoni kupika. Alipima kikombe kimoja tu cha mchele. Siku za mwanzo mkono wake ulikuwa ukisahau na kupima vikombe vinne, wali ukabaki hadi ukachacha. Sasa mkono ulikuwa umejifunza.

Alikula peke yake mkekani, wali na bilinganya ndogo ambazo Mama alizitia chumvini kabla hajaondoka. Kilichosikika ni pangaboi na meno yake mwenyewe.

Nyumba hii haikuwa na desturi ya kunyamaza. Kaka yake, Bách, alikuwa mtu wa kuimba hata akipiga mswaki. Lakini mwaka jana alikwenda Korea kusoma. Katika kijiji chao cha Yên Lạng, kumaliza shule na kuondoka vilikuwa karibu jambo moja. Zamani mtoto wa tajiri mmoja alipokwenda Australia, kijiji kizima kilimsindikiza hadi barabara kuu. Siku hizi hakuna mwenye muda huo. Huyu anakwenda Taiwani, yule Japani, mwingine Ujerumani kusomea uuguzi, na juu ya duka la simu kuna darasa la lugha ambalo jioni hukosi kusikia vijana wakikariri kwa pamoja. Baba yake Khuê, fundi mwashi, hakukosa kazi. Walioondoka walijenga nyumba za ghorofa, na ndani yake wakakaa wazee wawili na mbwa.

Hata hivyo, Bách alipoondoka, Bibi alibaki. Khuê akirudi kutoka shule alimkuta kitandani pake, karibu na madhabahu ya mababu, ambapo huwekwa picha za waliokufa, akitwanga tambuu na popoo katika kinu chake kidogo cha shaba, maana meno ya kutafunia hayakuwapo tena. Hutwanga, husimama akakwangua, hutwanga tena. "Umekula?" ndiyo ilikuwa salamu yake, asubuhi, mchana na jioni.

Kisha wiki tano zilizopita Bibi alianguka uani akichuma majani ya tambuu. Ulikuwa ugonjwa wa kiharusi. Walimpeleka hospitali ya mkoa kule mjini Vinh, Mama akabaki kumuuguza, na Baba akawa anajigawa kati ya kazi na hospitali. Khuê, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, akabaki na kuku.

Hilo angeweza kulivumilia. Lililomwelemea lilikuwa la Jumapili.

Kila Jumapili saa kumi na moja na nusu jioni, Bách alipiga simu ya picha. Jumapili ya kwanza baada ya Bibi kuanguka, Baba alimketisha Khuê na kuzungumza naye taratibu.

"Kaka yako ana mtihani wa lugha mwezi ujao. Asipofaulu, haingii chuo kikuu. Akisikia habari za Bibi ataacha kila kitu arudi. Unamjua alivyo."

"Namjua, Baba."

"Basi tutamficha kidogo tu. Mpaka mtihani upite."

"Na akimuulizia Bibi?"

Baba aliangalia huku na huku, macho yake yakatua kwenye kinu cha shaba. "Utakwenda chumba cha nyuma utwange. Atasikia, moyo wake utatulia."

Ikawa hivyo. Baba aliigeuza simu itazame mlangoni, ili kitanda kitupu kisionekane. Khuê alijifungia nyuma ya ukuta na kinu kisicho na kitu, akitwanga.

"Bibi yuko wapi?" sauti ya Bách ilipenya ukutani.

"Yuko nyuma, anatwanga tambuu yake. Si unamjua? Akianza hapendi kuitwa."

"Na Panzi?" Hilo ndilo jina alilompa Khuê, kwa sababu ya miguu yake mirefu.

"Panzi yuko kwa rafiki yake, wanasoma. Mama naye bado yuko sokoni."

Khuê aliuma mdomo akaendelea kutwanga. Alitamani kupaza sauti, "Niko hapa!" Lakini hawezi mtu mmoja kuwa bibi na mjukuu kwa wakati mmoja. Jumapili ya pili ikapita hivyo, na ya tatu. Jumapili ya nne Bách hakumuulizia Panzi hata kidogo. Alizungumza maneno machache, akaaga.

Shuleni pia mambo hayakuwa mepesi. Siku moja Mwalimu Nhàn aliwauliza darasani ni nani ana ndugu anayesoma nje. Kati ya wanafunzi thelathini na wanane, ishirini na mmoja waliinua mikono. Akawaambia wawaandikie barua ndugu hao. Khuê alikaa na karatasi nyeupe hadi kengele ikalia. Kila sentensi aliyoifikiria ilikuwa na Bibi ndani yake.

Wakati wa mapumziko, Thoa, ambaye dada yake yuko Ujerumani, alikuja na simu mkononi. "Tazama theluji hii, dada kanitumia jana. Wewe kaka yako kakutumia nini?"

"Ana mtihani. Hana nafasi."

"Hana nafasi mwezi mzima?" Thoa alicheka. "Shauri yako. Kapata mchumba huko, siku moja utamsikia anakuita kwa Kikorea."

Wengine wakacheka pia. Khuê naye alijilazimisha kucheka, kisha akaenda chooni akakaa humo hadi kipindi kilipoanza.

Jumapili ya tano ilifika. Baba alikuwa Vinh tangu asubuhi, na alisema angerudi kabla ya saa kumi na moja. Saa kumi na moja ikapita. Mvua ilikuwa inanyesha, na mvua ikinyesha barabara ya Vinh huwa na msongamano. Baba alitembea na kile kisimu chake cha vitufe. Simu kubwa ilikuwa nyumbani, juu ya meza, ikitazama mlangoni.

Saa kumi na moja na nusu simu ikaanza kuita.

Khuê aliitazama. Ikakatika. Ikaita tena. Aliipokea.

"Panzi!" Bách alikuwa amekonda, nywele zimemwangukia usoni. "Kumbe upo! Nilidhani umenikasirikia."

"Sijakukasirikia, kaka. Nilikuwa... nasoma."

"Kila Jumapili? Mbona utakuwa profesa kabla yangu." Alijaribu kutabasamu. "Baba yuko wapi?"

"Hajarudi. Mvua."

"Na Bibi?"

Khuê alifanya kama alivyozoeshwa. "Yuko nyuma. Anatwanga. Ngoja." Aliiacha simu mezani, akakimbilia chumba cha nyuma, akatwanga mara tano, mara sita, kwa haraka. Kisha akakimbia kurudi, akihema.

Bách hakuwa akitabasamu tena.

"Panzi. Kinu chenye tambuu hakilii hivyo. Hicho ni kitupu."

Khuê alitazama mlangoni. Baba hakuwa amefika.

"Tena Bibi hutwanga, akakwangua, akatwanga. Anayetwanga hapo hakwangui. Nimelijua hilo tangu Jumapili ya pili, sikuthubutu kuuliza. Na Baba siku hizi simu anaielekeza mlangoni. Zamani ilikuwa inatazama madhabahu. Niambie ukweli, mdogo wangu. Picha ya Bibi imewekwa pale juu, sivyo? Mmemzika lini?"

Katika kila alichokiogopa Khuê, hili hakuwa amelifikiria.

"Nimemlilia wiki tatu humu chumbani peke yangu," Bách alisema. "Siwezi kuwaambia wenzangu, maana sijaambiwa. Nikifungua kitabu, sioni kitu. Niambie tu."

Khuê alikumbuka maneno ya Baba: mpaka mtihani upite. Alikumbuka kwamba huyu kaka akijua, huenda angerudi, na safari yote ya Korea ikawa bure, na kosa likawa lake yeye. Kisha akamtazama Bách, akaona ni mtu aliyekuwa akiishi na msiba ambao haupo.

Aliichukua simu kwa mikono miwili, akaibeba hadi mbele ya madhabahu. "Tazama, kaka! Tazama mwenyewe! Picha ni ya Babu tu. Bibi yu hai!"

Kisha akamweleza yote, bila kuongeza wala kupunguza. Kwamba Bibi alianguka. Kwamba mkono wa kushoto hauinuki na mdomo umepinda upande mmoja. Kwamba anakula uji na kumgombeza muuguzi. Kwamba Mama yuko naye. Kwamba yeye ndiye aliyekuwa akitwanga, na kila Jumapili alikuwa hapo hapo, nyuma ya ukuta, akimsikia.

Bách alijifunika uso, mabega yakatikisika. Khuê hakujua kama analia au anacheka, mpaka aliposema, "Anamgombeza muuguzi? Basi ni Bibi kweli."

Khuê aliposikia mlango, aligeuka. Baba alikuwa amesimama kizingitini, koti la mvua likimchuruzika maji, kofia ya pikipiki bado kichwani. Hakujulikana amesimama hapo kwa muda gani.

"Baba, nimesema," Khuê alinong'ona. "Nisamehe. Kaka alidhani Bibi amekufa."

Baba alivua kofia, akaketi mkekani karibu na binti yake, akaitazama ile simu.

"Kaka yako hana kosa, wala wewe huna," alisema. "Mwenye kosa ni mimi. Mtu aliye mbali hawezi kutuona, Khuê. Akinyimwa ukweli, atajitungia wa kwake, na ule anaojitungia huwa mbaya kuliko wenyewe. Nilidhani namwondolea Bách mzigo. Kumbe nilimwongezea, na kipande kingine nikakutwika wewe, mtoto mdogo."

"Baba," Bách aliita, "na mimi nina langu. Sijaingia darasani siku tisa. Kila mliponiuliza nilisema masomo ni mazuri."

Khuê alimtazama Baba, akidhani atafoka. Baba alijifuta maji usoni tu. "Basi kesho uingie. Na Jumapili ijayo utatueleza ulivyoingia. Hapa na huko, tumeacha kutwanga vinu vitupu."

Asubuhi iliyofuata Baba aliipeleka ile simu kubwa Vinh, na Mama akaishika mbele ya kitanda cha hospitali. Bibi alimtazama mjukuu wake kwa jicho moja zima na jingine lililolegea.

"Umekula?" aliuliza, maneno yakitoka kwa taabu.

"Nimekula, Bibi. Nije nyumbani nikuone?"

"Uje ufanye nini? Wewe daktari?" Alipumzika kidogo. "Soma. Mimi nitakungoja." Kisha, kwa kuwa alikuwa amesimuliwa yote, akauliza, "Nani alikuwa anatwanga kinu changu bila kitu? Mtakitoboa."

Bách alifanya mtihani wiki mbili baadaye. Alifaulu, si kwa alama za kujivunia, ila zilitosha kuingia chuo. Bibi alirudi nyumbani kabla ya mvua kubwa. Mkono wa kushoto haukupona, hivyo hakuweza tena kukishika kinu. Kazi hiyo ikawa ya Khuê. Alijifunza kukunja jani, kupaka chokaa kidogo, kutia kipande cha popoo, na kukwangua kila baada ya kutwanga.

Jumapili, saa kumi na moja na nusu, Baba aliisimamisha simu ikitazama madhabahu. Khuê aliketi kitandani kando ya Bibi, kinu mapajani.

"Panzi, hebu twanga nisikie," Bách alisema kutoka mbali.

Akatwanga. Mlio ulikuwa mzito na laini, wa kinu chenye kitu ndani.