Bangili ya Kuazima

Mkono-tiba ulishuka kutoka darini, ukaikamata sindano kwa vidole vyake vitatu, ukaanza kuchanganya dawa. Katika zahanati ile ya mgongoni mwa mlima Rungwe hapakuwa na daktari, wala hapakuhitajika. Utando wa Siha ulikuwa umeshapima damu ya mgonjwa, ukasoma jalada-hai lake, ukaulizana na hospitali zote za nchi na kukata shauri, yote hayo kabla muuguzi Ambwene hajamaliza kunawa mikono. Mgonjwa alikuwa Tupokigwe, mkulima wa viazi, aliyejikata mguu kwa jembe akapuuza mpaka homa ikamwangusha.

Mjini Mbeya, katika chumba cha wahandisi wa Utando, mdogo wake Subilaga aliliona jina lile kwenye kioo chake, na chini yake jina la dawa: zerasini. Baada ya dakika sita, kioo kilisema, dawa itakuwa tayari.

Dawa ile aliijua. Miaka kumi na minne nyuma, bangili-siha, zinazomtambulisha mgonjwa kwa Utando na bila hizo hatibiwi, zilipokuwa bado ngeni, waliovalishwa kwanza walikuwa watumishi wa mjini. Wa vijijini waliambiwa wasubiri zamu yao. Nani angesubiri na homa? Watu waliazimana bangili kama wanavyoazimana kitenge cha kwendea msibani, na hakuna aliyeona haya. Tupokigwe alipougua mapafu, Subilaga aliivua yake akamvisha dada yake. Hospitalini wakamdunga zerasini. Koo likavimba, pumzi ikakata, akaponea chupuchupu. Na yote hayo Utando uliyaandika, kwa uaminifu mkubwa, katika jalada la Subilaga.

Siku hizi bangili hufuata mapigo ya moyo wa mwenyewe, haziazimiki tena. Lakini yaliyoandikwa hayakufutwa. Subilaga alikuwa amepanda cheo, na ndiye aliyetunga kanuni kwamba neno la jalada lishinde neno la mtu, kwa kuwa watu husahau na watu hudanganya. Alitunga pia kwamba mhandisi aliyewahi kuazimisha bangili afutiwe leseni papo hapo. Alijifanya mkali kuliko wote ili asishukiwe, na kweli hakuna aliyemshuku.

Dakika nne. Aliuandikia Utando usitishe, akidai dawa hiyo humdhuru mgonjwa. Utando ukamuuliza kwa adabu zake zote: lini, hospitali gani, jalada lipi? Akampigia Ambwene, akamsihi auzuie mkono. Ambwene akajibu kwamba hana ufunguo wa kuuzuia. Wahandisi ndio waliokataa wauguzi wapewe. Subilaga alilikumbuka hilo. Alikuwepo kwenye kikao, na alinyoosha mkono kuunga hoja.

Ikabaki njia moja. Akafungua fomu ya kukiri, akaijaza, wenzake wawili wamesimama nyuma yake wakisoma kila neno. Utando ukaipokea, ila ukataka mgonjwa mwenyewe athibitishe kwanza, ndipo saini ikubaliwe.

Ambwene akainama kitandani, akauliza kama aliwahi kuvaa bangili ya ndugu yake. Tupokigwe alifumbua macho kwa shida, akayazungusha chumbani mpaka yakalipata jicho la kioo la Utando ukutani.

"Sijawahi," alisema. "Mdogo wangu hana kosa."

Utando ukaandika kwamba maungamo hayakuthibitishwa. Ilibaki dakika moja na nusu.

Subilaga alimwomba Ambwene aiweke simu sikioni mwa mgonjwa.

"Dada, ni mimi."

"Usiseme kitu, Subi. Tulikubaliana."

"Wameshajua, dada. Ukificha sasa hunisaidii."

Haikuwa kweli kabisa. Saini ilikuwa bado; angeweza kuifunga ile fomu na kusema alichanganyikiwa kwa uchungu wa ndugu, na wenzake wangemwonea huruma. Kule zahanatini, mkono-tiba ulimaliza kazi yake, ukageukia kitanda.

"Wamekufukuza?" Tupokigwe aliuliza.

"Wameshanifukuza."

Subilaga alisikia mashine ikinguruma taratibu karibu na simu.

"Basi ndiyo," dada yake alisema. "Niliivaa."

Subilaga akabandika dole gumba kwenye kioo. Sindano ikasimama shubiri moja kutoka kwenye ngozi, ikarudi nyuma, ikamwaga dawa, na mkono ukaanza kuchanganya nyingine. Ambwene alikaa sakafuni.

Kioo kilimshukuru Subilaga kwa kusahihisha taarifa, kisha kikazimika mbele yake, kwani hakuwa tena mhandisi. Kule zahanatini sauti ya Utando ilimtangazia mgonjwa kwamba, kwa neno lake, leseni ya mdogo wake imefutwa sasa hivi. Wenzake waliondoka mmoja mmoja bila kumtazama. Simu tu ndiyo iliyobaki wazi. Akaishikilia sikioni kwa mikono miwili, akisubiri kusikia pumzi za mtu aliyeokoka, na alichosikia ni dada yake akilia, akimsihi muuguzi amwonyeshe namna ya kulifuta lile neno alilosema.