Pikapu Iliyozima Kila Dakika Kumi

"Zima hiyo takataka!" Maingi alifoka, akaupiga mlango wa pikapu teke hadi bati likabonyea. "Mativo, si tulikubaliana itolewe hapa kabla ya harusi?"

"Pole pole, shemeji," Mativo alijibu. "Acha kwanza fundi aipime."

Fundi Walter hakuinua kichwa kutoka kwenye injini. "Haina haja ya kuzimwa, buda. Itajizima yenyewe. Angalia saa."

Kweli, baada ya dakika kumi injini ilikohoa, ikatetemeka, ikafa. Kavata, dadake Mativo aliyekuwa akishona pale uani, alisimamisha mguu kwenye pedali ya cherehani.

"Petroli ya miaka minne nimeimwaga, ilikuwa inanuka kama rangi," Walter alisema. "Plagi mpya. Kabureta nimeosha. Bado inakufa. Lakini ukiiacha ipumzike..." Akangoja kidogo, akazungusha ufunguo. Ikanguruma mara moja. "Unaona? Kama haijawahi kuugua."

Kavata alikumbuka. Miaka minne iliyopita, mchumba wake Ndolo alitoka hapa Komarock na pikapu hii, akiwapelekea wazee wa kina Kavata kule Tala mbuzi watatu wa ntheo. Bila mbuzi hao, Mkamba hajaoa. Wazee walingoja mpaka jua likazama. Mativo akaenda kumtafuta, akamkuta kando ya barabara akiapa kwamba gari linamzimikia kila mara. Mativo akazungusha ufunguo mara moja tu, likawaka. Akamwita mwongo, akamvunja mkono kwa wili spana, ile ya kufungulia magurudumu, akaivuta pikapu kwa gari alilokuja nalo mpaka hapa uani iwe faini, na haikuwashwa tena. Kavata naye aliamini kwamba alikimbiwa. Maingi, rafiki ya Ndolo, ndiye aliyemfuta machozi, na Jumamosi hii angekuwa mume wake.

"Fundi," Kavata aliuliza kwa sauti ndogo, "gari linaweza kumzimikia mtu, halafu mwingine akija liwake?"

"Sana, dada. Kukiwa na kitu ndani ya tangi. Injini ikivuta mafuta, hicho kitu kinaenda kuziba mdomo wa bomba. Ikizima, kinaachia. Ngoja nishushe tangi."

"Gusa tangi hilo uone!" Maingi akanyakua spana na kumpiga Walter begani. Fundi akaanguka magoti. Pigo la pili lilimpasua sikio.

Mativo alimrukia Maingi, akamkaba shingo ukutani. "Umechizi? Tangi la gari linakuhusu nini?"

Hakumwachia. Walter, damu ikimchuruzika shingoni, alijipenyeza chini ya gari akitukana kwa Kijaluo. Alishusha tangi, akaingiza waya uliopindwa, akavuta. Kikatoka kitambaa kilichogeuka kahawia.

Kavata alikikamua, akageuza pindo. Mshono wake mwenyewe ulikuwa pale, mistari miwili ya uzi wa kijani.

"Huu ni mkono wa shati," alisema. "Nilishona mimi, mashati ya wapambe wa Ndolo. Maingi, jioni ya kabla ya safari ulisema mikono mirefu itakuchoma joto. Nikaikata. Ukaomba vipande, eti vya kupangusa viatu."

"Na ningefanya nini?" Maingi alifoka. "Ulikuwa unacheka naye mbele yangu kila siku! Mimi nilikuwa nini, turnboi wake wa kubeba mizigo?"

"Kwa hiyo ukaniacha nimwite mwongo," Mativo alisema.

Maingi alijinasua, kofi likamwangusha Kavata juu ya cherehani. Hakuwahi kupiga la pili. Mativo alimshusha kwa ngumi, akampiga mdomo mpaka akatema damu, kisha akaiokota wili spana.

Kavata akaning'inia mkononi mwa kakake. "Wacha! Ulishavunja mkono mmoja bure. Usivunje wa pili!"

Spana ilianguka. Maingi alitambaa hadi getini, kiatu kimoja kikabaki uani.

Kavata alimwandikia Ndolo kwa namba ambayo hakuwahi kuifuta: "Tumefungua tangi. Kulikuwa na kitambaa cha Maingi. Nisamehe."

Jibu lilichelewa. "Kwa hiyo kitambaa mmekiamini. Mimi hamkuniamini."

"Ni kweli. Nakuja na pikapu. Ukinifukuza nitarudi."

"Njoo. Usilete Mativo."

Walter alirudisha tangi, sikio limefungwa kwa leso. Kavata aliendesha mwenyewe mpaka soko la Kariokor. Ndolo ndiye aliyemfundisha, kwenye usukani huu huu. Kavata alimkuta mlangoni mwa kibanda cha viatu, kisu cha ngozi katika mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umepinda pale kwenye kiwiko.

Ndolo alitazama shavu la Kavata lililovimba. "Nani?"

"Maingi."

"Yuko wapi?"

"Ametoroka akitambaa. Mativo amemtwanga."

Ndolo akaingia kwenye pikapu, akaketi kando yake. Kavata aligusa ufunguo.

"Usizime," Ndolo alisema. "Nataka kusikia."

Injini ilinguruma chini yao. Dakika ya kumi Ndolo alifumba macho. Ya kumi na moja. Ya kumi na mbili. Ndipo alipouweka ule mkono uliopinda juu ya mkono wa Kavata.

"Wale wazee wa Tala," aliuliza, "bado wako hai?"

"Wako wote."

"Basi tutafute mbuzi watatu."

Kavata akatia gia huku akilia.